Bati la Pori

Mkaguzi aliingia karakana saa mbili asubuhi, kadibodi kwapani. Fomu alikuwa nazo, tochi alikuwa nayo, futikamba ilikuwa mfukoni, lakini kitu ambacho hakuwahi kukisahau nyumbani ni hicho kipande cha kadibodi, kimelainika kwa miaka ya kulaliwa. Ofisini walimpa jina la Lalachini. Wenzake hukagua magari kwa kuyazunguka mara mbili na kupiga teke tairi, kisha wanaomba kahawa. Yeye huingia uvunguni, hulala chali, na hatoki mpaka aridhike. Walimcheka sana. Wacheke tu, kesi walizozivuruga wao wima, yeye alizinyoosha akiwa amelala.

Kesi ya leo ilikuwa uani, imeinamia upande mmoja. Lilikuwa karavani lililotengenezwa hapahapa karakana, kijumba cha bati chenye magurudumu mawili, vitanda vitatu, jiko na sinki, cha kukokotwa nyuma ya gari. Siku tisa zilizopita mfamasia mmoja alilifunga nyuma ya gari lake akaipeleka familia yake kupumzika korongoni, mahali ambapo barabara inaishia na mawe yanaanza. Gurudumu la kushoto liling'oka. Karavani likalala ubavu, likalivuta gari mtaroni, na mama mzazi wa mfamasia akavunjika nyonga.

Mbele ya karavani, juu ya shingo ya kukokotea, palikuwa na kibati cha ukubwa wa kiganja, kimepigiliwa riveti nne. Neno lake lilikuwa moja tu, PORI.

Hapo ndipo penye maneno. Sheria inataka kila karavani liwe na daraja. Kuna Lami, kuna Changarawe, kuna Pori. Karakana ndiyo inayojipangia daraja na kugonga bati lake, na bati hilo ni kiapo. Ukigonga uongo, kibali kinafutwa, hakuna cha samahani. Lakini sheria hiyohiyo, kwa kurasa zake arobaini, haikusema pori ni nini hasa. Iliandika "panapofaa nje ya barabara" ikanyamaza. Karakana ilikuwa imezuiwa kuuza kwa wiki nzima, na mkuu wa Lalachini alitaka jibu kabla ya saa kumi jioni, afunge moja kwa moja au afungue. Mafundi kumi na mmoja walikuwa wakisubiri kalamu ya mtu mmoja.

Alitandaza kadibodi, akalala, akajisukuma chini. "Haya," aliliambia karavani, maana alikuwa na tabia ya kusema na vyuma, "nionyeshe ulipoumia."

Hapakuhitaji kutafutwa. Mkono wa springi ulikuwa umechanika kutoka kwenye fremu na kuacha tundu la kuingiza ngumi. Mtu yeyote angesema ni kulehemu kubovu. Hata yeye alishaliandika hilo kwenye fomu kwa penseli, kabla hajatoka ofisini. Sasa alipitisha kidole kwenye mshono, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Mshono ulikuwa mzima. Kilichochanika ni chuma chenyewe, nusu inchi pembeni, na mshono ulikuwa bado umeshika kipande kilichobaki.

"Aliyelehemu hapa ana mkono," alisema kwa sauti.

"Mkono wenyewe huu hapa," mwanamke akajibu kutoka juu. Lalachini aliona buti mbili za kazi zenye matone ya chuma kilichoyeyuka. "Utausalimia, au utaendelea kulala?"

Akatoka, vumbi mgongoni. Mwenye karakana alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, ovaroli la buluu, miwani ya kulehemu ameipandisha kichwani. Wote walimwita Shangazi. Mafundi wake wanne wa kwanza walikuwa watoto wa kaka yake, na waliokuja baadaye wakaliokota jina bila kuuliza.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umeona nini huko chini?"

"Nimeona mshono ambao ningeupiga picha nikaupeleka nyumbani. Fremu hii ina unene gani?"

"Milimita tatu."

"Na fremu yako ya Pori?"

"Tano. Na ndani yake vyuma vya kukingama, mataruma, ni mara mbili ya vya hili."

"Kwa hiyo hili si Pori."

"Hilo chuma kimeshasema. Njoo."

Ofisi yake ilikuwa meza, kabati na feni moja iliyokuwa ikilalamika. Alitoa daftari kubwa lenye jalada gumu, akalifungua bila kutafuta. Kila fremu ina namba iliyogongwa kwa nyundo, na kila namba ina mstari wake. Lile la uani lilikuwa la themanini na nane. Kidole chake kikasimama. *Themanini na nane. Changarawe.*

"Daftari linasema Changarawe," alisema. "Bati linasema Pori. Vyote viwili ni vyangu, na kimoja kinadanganya. Ukikijua niambie, maana na mimi sijalala siku tisa."

"Nikimpelekea mkuu daftari hili, atasema uliliandika juzi baada ya ajali."

"Aseme. Ningekuwa yeye, ningesema hivyohivyo."

Lalachini akafuta yale maneno ya penseli kwenye fomu. Hakuandika mengine. Watu wenye kesi huwa wanakujibu kabla hujamaliza kuuliza, na huyu alikuwa anaipanga kesi dhidi yake mwenyewe kwa utulivu wa mtu anayepima ubao. Alimpenda papo hapo, jambo ambalo mkaguzi hatakiwi kulifanya.

Mfamasia alifika saa nne, shati limenyooshwa, macho mekundu. Alikuwa ametoka hospitali. Alikataa kiti.

"Niulize haraka, bwana. Mama anafanyiwa mazoezi saa sita, na bila mimi hakanyagi chini."

"Uzito," alisema Lalachini. "Hati ya mizani inasema ulibeba chini ya kiwango. Nimeipigia hesabu tena leo kichwani, naona ni kweli. Hukuzidisha."

"Niliwaambia tangu siku ya kwanza."

"Mwendo?"

"Kilomita kumi na tano. Mama alikuwa ananicheka, anasema angeshuka atembee afike kabla yetu."

"Matairi haya ya meno makubwa uliweka wewe?"

"Lilikuja nayo. Nililichukua pale mauzo, ng'ambo ya barabara, likiwa hivihivi. Lilikuwa linang'aa mpaka unajiona."

Lalachini aliandika hilo. Kisha akauliza swali ambalo siku hiyo alikusudia kumuuliza kila mtu. "Kwako wewe, karavani la pori ni lipi?"

Mfamasia akakunja uso. "Liko juu. Lina matairi makubwa. Na limeandikwa Pori. Mimi nauza dawa, bwana mkaguzi. Pakiandikwa kwenye chupa kwamba ni dawa ya kikohozi, mteja haendi kuipima maabara. Anameza."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. "Ana haki," alisema. Mfamasia, aliyekuja amejiandaa kugombana, akabaki hana wa kugombana naye.

Saa sita kasoro waliwasha pikapu nyuma ya karakana. Kuuza walizuiwa lakini kutengeneza hawakuzuiwa, na namba tisini na tatu ilikuwa tayari kwa majaribio. Nyuma kulikuwa na kiwanja cha Shangazi, na hapo Lalachini alisahau kidogo kwamba amekuja kufunga mtu kazi. Palikuwa na mlima wa mawe, mtaro uliokata njia kwa mshazari, matuta hamsini yaliyopangwa karibu karibu, na kipande kirefu cha vumbi jekundu lililosagwa likawa laini mithili ya unga. Yote haya aliyajenga yeye, kwa sururu na miaka.

Shangazi mwenyewe alishika usukani. Lalachini alifuata kwa miguu, mara anachuchumaa, mara analala. Penye mtaro, gurudumu la kulia lilizama na la kushoto likapanda, kila moja kwa mkono wake, wala moja halikumburuta mwenzake. Shingo ya kukokotea ilijipinda, ikajizungusha, ikarudi. Pikapu ilikuwa imeinama kulia na karavani limeinama kushoto, na kati yao hakuna kilicholia. Alikuwa amekagua makaravani kwa miaka kumi na saba, mengi yenye mabango ya milima ubavuni na ngazi za kupandia juu, na hakuwahi kuona moja likipita mahali pale bila kupiga kelele.

Walipita mara sita. Lilirudi halionekani rangi.

Shangazi alishuka, akafungua mlango, akaanza na droo. Alizivuta moja moja, akazirudisha. Akapitisha kidole kwenye rafu ya vyombo, akakionyesha. Kidole kilikuwa safi.

"Umemuuliza mfamasia pori ni nini," alisema. "Mimi hujaniuliza."

"Nilikuwa nasubiri."

"Watu wanadhani pori ni kwenda. Kwenda hata toroli linakwenda. Pori ni kurudi, na ukirudi droo zifunguke kama zilivyofunguka asubuhi, maji yawe kwenye tangi, vumbi libaki nje, na waliolala ndani waamke wanaulizana leo wapi. Matairi ni viatu tu. Ukimvalisha mgonjwa buti hujamponya."

Fundi mmoja alikuwa ameshavuta bomba la maji. Shangazi akamgeukia. "Weka chini hilo bomba. Halijapata jina."

Akatoa mfukoni kibati cha PORI, akakiweka mbele ya karavani juu ya vumbi lilelile, akatoboa matundu manne kwa drili, akapiga riveti nne. Hakufuta hata kwa kiganja. Kisha akasogea. "Sasa lioge."

Lalachini alitazama maji mekundu yakitiririka kwenye saruji. "Kwa nini bati kwanza, maji baadaye?"

"Ukilisafisha umefuta ushahidi. Vumbi linakuonyesha penye ufa. Wangu wanajua, halioshwi mpaka nimeridhika, na nikiridhika nagonga hapohapo nisije nikabadili mawazo ofisini."

"Kila mara?"

"Miaka ishirini na miwili."

"Na Lami? Na Changarawe?"

"Hayo hayaji huku. Yanapata bati lake ndani, kwenye meza."

"Nani anaujua utaratibu huu?"

"Yeyote anayefika huku nyuma."

"Na yule ndugu yako anayekuuzia ng'ambo ya barabara?"

Shangazi akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Na viatu vile? Hajawahi kuuvuka huo mtaro."

Lalachini akakunja daftari lake, akavuka barabara.

Uwanja wa mauzo ulikuwa na vioo, zulia na harufu ya nta ya kung'arishia rangi. Msimamizi wake, mdogo wake Shangazi wa tumbo moja, alijulikana kwa jina la Tai kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila tai shingoni, hata siku ya kuhamisha samani. Alimpokea mkaguzi kwa mikono miwili.

"Karibu, karibu sana. Jambo hili limetuumiza. Dada yangu ni fundi hodari, mimi nitasema hivyo popote."

"Hata mimi."

"Lakini umri, bwana mkaguzi. Macho. Mtu anachoka. Daftari anaandika mwenyewe, mabati anagonga mwenyewe. Nasema kwa uchungu." Alikuwa akimpaka dada yake mafuta kwa mgongo wa chupa, na alikuwa akiyapaka kwa ustadi.

"Karavani linapotoka kwa dada yako, linakuja hapa likiwaje?"

"Safi. Lakini kwangu safi haitoshi. Mimi napiga nta kila kitu, ndani nje, kabla ya lolote. Mteja ananunua kwa macho."

"Kabla ya lolote?"

"Kabla ya lolote. Ndiyo desturi ya hapa."

Ukutani palikuwa na ubao wa maonyesho, na juu yake vibati vitatu vinang'aa. Lami, Changarawe, Pori.

"Hivi ulipewa na dada?"

"Nilimwomba vya maonyesho."

"Kimoja kimoja?"

Tai akarekebisha fundo la tai yake. "Kimoja kimoja."

"Swali la mwisho. Karavani la pori ni lipi?"

"Ni muonekano, bwana," Tai akasema, na kwa mara ya kwanza alisema kwa moyo. "Mtu akae nalo nje ya nyumba yake ajisikie anaweza kufika popote. Tisa kati ya kumi hawaendi kokote."

"Na wa kumi?"

Tai akachomoa kitambaa mfukoni, akaanza kukifuta kibati cha Pori.

Saa tisa Lalachini aliwakusanya uani, Shangazi, Tai na mfamasia aliyerudi kutoka hospitali. Kwanza alimuuliza Shangazi, mbele ya wote, kama kuna bati lolote la Pori lililotoka mkononi mwake bila karavani.

"Matano," alisema. "Alisema ya ubao wa maonyesho. Eti jua linayafifisha."

Tai alitazama viatu vyake.

Lalachini hakumtazama. Alichukua drili akaenda kwanza kwenye karavani kuukuu, namba sabini na moja, la Pori, lililoletwa kubadilishwa springi. Lilikuwa limeoshwa mara mia na wenyewe. Akatoboa riveti, moja, mbili, tatu, nne, akakichomoa kibati kwa ncha ya kisu. Chini yake palikuwa na mraba wa vumbi jekundu, mkavu, umegandamana kwenye rangi, na ukingo wake umenyooka kwa kipimo cha bati.

"Hili lilikokotwa kwanza, likapewa jina baadaye," alisema.

Akahamia namba themanini na nane. Riveti nne. Mfamasia alisogea. Kibati kikatoka, na chini yake rangi ilikuwa nyeupe, inang'aa. Lalachini alipitisha ukucha, akainua kilichokwama. Ilikuwa nta. Alimpa mfamasia anuse, kisha akampa Shangazi.

"Hili lilipigwa nta kwanza, likapewa jina baadaye," alisema. "Na hapa karakana hawana kopo la nta. Nimetafuta kila kabati."

Bomba la maji lilikuwa likivuja mahali fulani.

"Dada," alisema Tai, na sauti ya mauzo ilikuwa imemtoka. "Pori moja unalitengeneza miezi mitano. Mteja hasubiri miezi mitano. Anataka aondoke nalo Jumamosi. Nikang'oa bati la Changarawe nikapigilia la Pori, nikabadilisha matairi, nikainua kidogo springi. Nilidhani hawaendi. Walahi nilidhani hawaendi."

"Sisi tulikwenda," alisema mfamasia.

Shangazi alisimama ameshika kile kipande cha nta katikati ya vidole. "Imeniuma," alisema. "Sitaficha. Ungeniambia watu hawataki kusubiri, ningejifunza kukimbia. Wewe uliona ni rahisi zaidi kuniazima jina." Akahesabu kwa vidole vya mkono mwingine. "Matano nilikupa. Moja liko ukutani. Moja hili hapa. Matatu yako wapi?"

Tai akaingiza mkono mfukoni. Akatoa simu. Mawili, alisema, yako majumbani kwa watu. La tatu, lililouzwa kabla ya zuio, liliondoka jana asubuhi, mume na mke na watoto wao wawili.

"Wapi?"

"Korongoni."

"Piga."

Alipiga mara tatu. Mara ya nne ikapokelewa. Walikuwa wamelala kituo cha mafuta cha mwisho, pale lami inapokomea, wanajaza maji. Shangazi aliichukua simu mkononi mwa mdogo wake. "Mwanangu, mimi ndiye fundi wa hilo karavani," alisema polepole. "Zima gari. Usiwashe mpaka unione. Nakuja mwenyewe."

Lalachini alikuwa ameshaiweka fomu juu ya boneti ya pikapu. Sehemu ya karakana ilikuwa na visanduku viwili, funga na fungua. Aliweka alama kwenye cha pili, kwa wino, akaandika namba ya fremu na maneno "bati halikugongwa na karakana". Ilikuwa saa kumi kasorobo, na katika miaka kumi na saba hakuwahi kuweka alama kwa raha kiasi kile. Akamgeuzia fomu asaini.

Shangazi aliisoma yote. Kisha akamrudishia kalamu.

"Usinifungulie."

"Shangazi, huna kosa. Nimethibitisha."

"Umethibitisha sikuligonga mimi. Jina lililoandikwa kwenye bati ni langu. Watu hawakumwamini Tai, waliniamini mimi." Alimwangalia mfamasia, akaendelea kumwangalia. "La kwako nitalijenga upya, milimita tano. Mama yako akipona mlete akae kule nyuma kiwanjani alione likikokotwa, na akisema haliridhishi, sigongi. Lakini kwanza hayo matatu yarudi uani kwangu. Yakirudi, njoo ufungue. Nikianza kuuza leo, kesho nitajikuta nina shughuli."

Mfamasia alitazama saa, akatazama karavani lake lililoinama. "Mama ana ulimi mkali," alisema. "Nakuonya mapema."

"Hao ndio ninaowataka."

Tai alivua tai yake, akaiweka mfukoni. Hakuambiwa aingie kwenye pikapu wala hakuambiwa abaki. Alizunguka upande wa pili akapanda nyuma, kwenye vyuma na minyororo, na suruali yake ya kupigwa pasi.

Simu ya Lalachini ikaita saa kumi kamili. Alikuwa mkuu wake.

"Umefunga au umefungua?"

"Bado."

"Bado nini? Karakana ina hatia?"

"Haina hata chembe."

"Basi fungua, mtu wangu. Nani amekuzuia?"

"Mwenyewe," alisema Lalachini. Pikapu ilikuwa imeshaunguruma, na Shangazi alikuwa amemfungulia mlango wa mbele. "Nitakueleza nikirudi." Akatupa kadibodi yake ndani, akapanda.